Nukta Tatu

Sanaiya ya Ibra, saa nne asubuhi,
na Hamduni ameegesha lori la maji mlangoni,
injini inanguruma, asije akasahaulika.

Nimemkatia mara tatu. Mara tatu nimeharibu.
Stika ya buluu, herufi za shibiri moja,
*maji yafaayo kunywa*, kwa Kiarabu, za ubavuni mwa tangi.
Kushoto kisu kinapita kama mkasi kwenye hariri.
Kulia kinaparuza tu,
kinachora, hakikati,
na Kiarabu huanzia kulia:
sentensi ina mkia, kichwa kimegoma kubanduka.

Nikaongeza nguvu. Gramu tisini, mia, mia na ishirini.
Kulia kukaanza kutii.
Kushoto kisu kikatoboa hadi karatasi ya mgongo
na nukta tatu za shini
zikang'oka na vipande vyao vya karatasi
zikaninata kidoleni.
Shini bila nukta ni sini.
Maji yafaayo kunywa yakawa
maji yafaayo kundi la ndege.
Hamduni akasoma, akacheka mpaka akashika goti.
"Ndege nao wana kiu," akasema,
"ila baladiya hawatanielewa."

Mimi hulaani kwa Kiswahili, lugha ya mama,
aliyeletwa hapa kutoka Wete akiwa na sanduku moja.
Nikalaani.

Nimefungua kishikio, nimetoa ndani
uzi wa stika nyekundu, wa mwaka jana huo.
Si wenyewe.
Nimetia kisu kipya, bado kina mafuta ya kiwandani. Wapi!
Roli nimezifuta vumbi,
vumbi la Sharkiya, liingialo hata kwenye sukari iliyofunikwa.
Meza nimeipima kwa glasi ya chai:
chai imetulia, mimi ndiye sijatulia.

Mwenye kuijua mashine hii ni Sajivan,
na Sajivan yupo Kerala, mama yake kavunjika nyonga.
Ujumbe wake wa sauti ukaja na kunguru nyuma yake,
Kiarabu cha dukani, hakina vitenzi:
"Binti. Kisu hapana. Chini ya kisu. Ukucha."

Nikapitisha ukucha juu ya utepe mweupe,
ule ambao ncha ya kisu huushukia.
Kushoto, laini kama kigae.
Kulia, ukucha ukazama.

Mtaro. Miaka kumi na moja ya mtaro.
Stika ikifika pale inabonyea, inakikwepa kisu.

Kwa nini kulia? Kwa sababu baba, Mungu amrehemu,
alimwambia siku ya kwanza: usipoteze.
Na Sajivan hakupoteza.
Kila salio, hata la upana wa kiganja,
alilisukuma kwenye ukingo ule ule:
namba za simu, *linauzwa*, *mtoto yumo garini*,
bei ya matairi, jina la ngamia wa mtu wa Mudhaibi,
kisu kikishuka, kikishuka pale pale.
Haba na haba hujaza kibaba, husema mama.
Hakuniambia kwamba huchimba pia.
Ubahili wa baba yangu una kina.
Nimeutia ukucha.

Utepe mpya upo Maskati, au Dubai, au njiani.
Nikarudisha gramu tisini,
nikaisogeza stika kushoto, mbali na mtaro,
nikakata neno moja moja.
Kwanza mraba wa majaribio na duara ndani yake:
nikavuta kwa kibano, duara likatoka zima,
karatasi chini haina hata mkwaruzo.
Kisha *maji*. Kisha *yafaayo*.
Mwisho shini, na nukta zake tatu
zimekaa juu yake, hazina habari.

Hamduni akaondoka akipiga honi bila sababu.
Simu ikalia. Sajivan hakuuliza juu ya mashine.
"Binti, umepoteza mita ngapi?"
Nikatazama kapu: buluu imejaa, inamwagika sakafuni.
"Nusu," nikamwambia.
Akanyamaza kidogo. "Nusu," akasema,
kama mtu anayehesabu upya.