Sufu Mara Moja kwa Mwaka

Niliisukuma pikapu kwa goti, kwenye bampa,
kama unavyomsukuma mlevi uone kama yu macho.
Ikanesa. Ikanesa tena. Ya tatu, ya nne,
ikawa bado inanesa nimeshageuka kutafuta tochi.
Nyuma, shokomzoba ya kushoto
ilikuwa imelia mafuta mpaka vumbi likaganda juu yake
kama kidonda kilichobandikwa majani.

Toka zizini kwetu mpaka mashine ya kusafisha damu
ni kilomita mia na kumi na nane za changarawe.
Magurudumu ya malori yameichora njia makunyanzi,
yamepangana kama mbavu za kondoo wa Agosti,
na upepo wa Patagonia hauna habari ya kuyafukia.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Mama hushika mpini wa mlango kwa mkono usiochomwa sindano
na kulitukana kila tuta kwa jina lake.
Anayajua. Kubwa kuliko yote analiita Gavana.

Kaka yangu Osvaldo alipiga simu toka Córdoba, kwenye lami:
"Chukua zile ngumu, za njano, za watu wa mashindano.
Gari la kazi ni gari la kazi."
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.

Ceferino Paillalef hana haraka dukani kwake.
Alizilaza kaunta jozi kwa jozi.
Za mafuta matupu: bei ya kondoo wawili,
na baada ya saa moja ya makunyanzi hupata moto,
zikachoka, zikaacha gari lijichezee.
Zenye gesi kidogo: wanne, na mwana-kondoo juu.
Za njano sikuuliza. Niliona tu zilivyojilaza
ndani ya boksi kama risasi za mzinga.

"Unabeba nini?"
Nikamwambia ukweli:
sufu mara moja kwa mwaka, Mama mara tatu kwa wiki.
"Kilo ngapi?"
"Sufu?"
"Mama."
"Arobaini na sita. Akitoka mashineni, arobaini na nne."
Hakucheka. Aliandika pembeni mwa boksi, akapiga mstari chini.

"Sikiliza, Nélida. Hii haibebi kitu.
Kinachobeba ni springi, na yako ni ya tani nzima;
ukiipa kibibi cha kilo arobaini na sita
itamrusha kama punje ya mahindi kikaangoni.
Kazi ya hii ni kuiambia springi:
basi, tuta limeshapita."
Akazifunika zile za njano.
"Hizi zitakusimulia njia yote, jiwe kwa jiwe.
Zinamfaa anayetaka kujua."

Nikachukua zenye gesi kidogo, na bushi mpya,
na shauri la bure: punguza upepo matairini.
Boliti ya juu ilikataa kutoka.
Niliilaza na mafuta ya taa usiku kucha,
asubuhi nikaipiga nyundo
na matusi niliyoazima kwa Mama,
pamoja na lile analomwekea Gavana.

Jumatano. Magofu ya posta. Kona ya mifupa.
Tukampanda Gavana, tukamshuka.
Mama hakusema neno.
Miaka miwili nimemsikia yu hai kwa matusi;
sasa palikuwa na injini, na upepo mlangoni,
na guanako watatu wametukodolea macho uzioni.
Nikatoa mguu kwenye mafuta.
Nikatazama shali kifuani pake.
Ikapanda.
Nikangoja.
Ikashuka.
Kibuyu cha chai chungu mapajani hakijamwaga tone.

Akafumbua jicho moja.
"Mbona unatambaa?
Watu wana miadi."