Zamu ya Maji

Mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti siku ile,
na nilipokiachia hata yangeyange wa bloku ya tatu
walikuwa wamekwisha ruka.
Niliahidi pampu mpya. Niliahidi umeme usiokatika.
Niliahidi mpaka nikahofia mto Nyando
utageuza njia kuja kunisikiliza.
Walinipigia makofi, wakanibeba mabegani,
kisha wakaenda kumpigia kura Dorsila Awino.

Dorsila! Aliyesimama, akasema,
"Nitajaribu kuwasikiliza,"
akaketi kiti kingali na joto lake.

Nilicheka, sitaficha.
Nilisema, huyu hata kuku huwafukuza kwa kunong'ona.
Nilisema, mwenyekiti wa mfereji anataka koo,
na huyu Mungu alimpa macho tu.

Ikaja Februari. Mto ukabaki mchirizi.
Pampu mbili zikanyamaza, ya tatu ikakohoa,
na sisi wa kichwani mwa mfereji
tukawa tunafungua malango usiku, kila mtu na jembe lake,
tukanywesha mpunga wetu mpaka ukalewa.
Kule mkiani, kwa akina Obura,
ardhi ilipasuka ukaweza kuingiza ngumi nzima.

Mkutano ulikuwa kelele tupu.
Panga moja lilihudhuria;
mwenyewe alisema ametoka tu kukata nyasi.
Mimi nilizungumza robo saa.
Obura akanijibu nusu saa, akinitaja kwa majina
ambayo mama yangu hakunipa.
Dorsila aliandika.
Kimya kilipofika, kwa uchovu, si kwa adabu,
alilipitisha swali moja kwa kila mtu
kama bakuli la kunawia:
"Mara ya mwisho maji yalikufika wapi?
Kifundoni? Ugokoni? Gotini?"
Na jibu la kila mmoja alilingoja,
hata la Achola mwenye kigugumizi,
ambaye sisi huwa tunammalizia sentensi.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Kifundoni."
Akaandika. Hakuinua macho.

Baadaye, nyuma ya stoo ya mbolea,
aliniita, akafungua ukurasa mwingine.
Kumbe wiki mbili alikuwa akitembea kingo za mfereji
na tochi, na ufito wenye alama za kisu,
akipima shamba baada ya shamba sisi tukikoroma.
Hapo palikuwa jina langu. Tarehe. Saa nane usiku.
Goti.

Nilijitayarisha kufoka; kufoka ndiyo kazi yangu.
"Mbele ya watu nimekuandika kifundo," akasema.
"Ukitaka, Jumamosi kitakuwa kifundo kweli."
Akafunga daftari, akaenda zake
akikanyaga matope kwa uangalifu,
kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala.

Hilo sijamwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Ratiba ilibandikwa mlangoni mwa kinu.
Nililitafuta jina lake kuanzia juu,
maana ndivyo ningefanya mimi,
nikateremka, nikateremka,
nikampita Achola, nikampita mjane wa Odoyo,
nikalikuta chini kabisa, karibu na kona iliyochanika:
Jumapili, saa kumi alfajiri, masalio.

Jumamosi nilishusha lango langu kwa mkono wangu.
Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, una nini?
Nikafungua kinywa. Koo lile lile
lililofukuza yangeyange
halikuwa na kitu.

Wahenga wanadai kimya kingi kina mshindo mkuu.
Misimu miwili nimeusubiri huo mshindo
na sijausikia.
Ninachosikia, nikilala upande wa dirisha,
ni maji yakinipita gizani
bila kubisha hodi,
yakienda kwa Obura.