Kimeandikwa Usikalie

Nilipanda Capri Point kwa miguu, Jumamosi,
elfu tisini zikiwa fundo la khanga kiunoni.
Nilikuwa nimeoga mara mbili, na bado
dagaa walinitangulia mlangoni.
Kijana wa duka, Lugwisha, hakuziba pua.
Hilo nililiweka moyoni.

Nilitafuta zawadi ya Nyangeta, anayesoma Mtwara,
kitu cha kumwambia ziwa lipo, nasi tupo.
Rafu ya kwanza, twiga. Rafu ya pili, twiga
na faru mmoja aliyegundishwa pembe.
"Mwanangu, miaka hamsini na moja niko Mwanza,
sijamkuta twiga Kirumba akiulizia bei ya sato.
Kamongo hamna? Furu je?
Mwanamke anayeanika dagaa?"
Akacheka kwa haya. "Mama, wageni hununua twiga."
"Na wenyeji?"
"Wenyeji huja kuangalia."

Basi nikaangalia.
Picha ya mawe ya ziwani, buluu kupita ziwa lenyewe.
Wacheza ngoma wa mti, mikono imefungwa kwa uzi
ili itikisike ukiwabeba.
Na kwenye kona, juu ya kitambaa cheupe kama maiti wa heshima,
kigoda.

Miguu mitatu, gogo moja, hakuna msumari.
Mzee Mazigo wa Ukerewe, akasema Lugwisha,
huchonga kwa tezo, hulainisha kwa majani ya msasa.
Nikainama. Chini hakulainisha:
alama za tezo zimelala ndogondogo
kama magamba, moja likiegemea jingine.
Kadi inasema: Laki moja na themanini. Usikalie.

Nikakaa.

Haikuwa jeuri. Magoti yaliamua kabla yangu.
Miaka ishirini na sita juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mgongo unakijua kiti ukikiona.
Dirishani kivuko cha Kamanga kilikuwa kinaingia,
kidogo kama kiatu cha mtoto.

Lugwisha alitazama kadi, akanitazama, akatazama mlango.
"Mama, hicho ni cha maonyesho."
"Nami nakionyesha kazi yake."

Tukavutana. Laki na nusu. Sitini. Laki na ishirini,
na mimi bado nimekaa.
Nani alishinda bei akiwa amesimama?
Akapiga simu Ukerewe. Nilisikia sauti ya mzee ikiuliza
swali moja tu: "Amekikalia?"
Elfu tisini, basi, na kilo mbili za dagaa
kila mwisho wa mwezi mpaka Krismasi.

Nyangeta, kwenye basi la Alhamisi kuna twiga,
kimo cha kiganja, nimeongezewa bure. Usicheke.
Zawadi yenyewe utaikuta mwaloni ukija likizo.
Jirani zangu wanauliza nimeirithi kwa nani.
Magamba mawili ya sato yamenata chini yake,
katikati ya yale ya Mazigo,
na sijayatoa.