Jozi Nambari 417

Niliandika barua kumi na moja.
Tisa zilizama kama mawe kisimani.
Moja ilirudi na jina la mtu mwingine,
ikimtakia Kaarel kila la heri.
Ya mwisho aliijibu Helve Kruus kwa sentensi mbili:
Mshahara hatuna. Njoo na penseli, kalamu haziruhusiwi.

Nikaenda. Tartu, Januari,
mto umeganda hadi bata wanatembea juu yake
kama wazee wanaotafuta miwani.
Nilikuwa nimekariri majibu ya maswali makubwa,
urithi ni nini, taifa ni nini.
Yeye akauliza moja tu:
"Ukiangusha kitu, utaniambia baada ya muda gani?"
"Kabla hakijafika chini."
Hakucheka. Akanipa ufunguo wa kabati la makoti.

Wageni huona vyumba sita.
Mimi nilipewa cha saba, chini ya ngazi,
kisicho na dirisha,
maana jua ni mwizi asiyevunja mlango.
Wiki tatu nikahesabu vifungo:
vya mfupa, vya shaba, vya pembe ya kondoo.
Nikavipima, nikaviandika, nikavilaza kwenye karatasi laini.
Aivo, mlinzi, alichungulia kila alipopita:
"Vimezaa?"
"Bado vina mimba."

Usiku nikamlalamikia mama kwenye simu:
shahada mbili, kisha vifungo!
Mama akauliza, "Vimetimia?"
Kimoja kilipungua.
Sikulala.
Alfajiri nikakikuta kwenye mkunjo wa mkono wa sweta yangu,
nikakimbia kumwambia Helve kabla sijavua koti.
Siku hiyo ndiyo aliyonifungulia droo za sufu.

Glavu. Jozi moja, Muhu, 1931, lasema daftari.
Nyekundu, nyota za manjano,
chumba kimoja cha vidole vinne
na kijumba cha dole gumba pembeni.
Nikazilaza, viganja juu.
Kijumba kushoto.
Na kijumba kushoto.

Miaka yote hiyo, hakuna aliyeona!
Nikashika penseli, moyo unadunda,
nikaandika nusu ya neno *kosa*.

Helve akaweka kidole juu ya penseli.
"Kuuliza si ujinga," akasema.
"Ujinga ni kusahihisha bila kuuliza."

Basi nikauliza. Siku nne ndani ya masanduku ya barua,
miandiko imeinama kama nyasi penye upepo,
mpaka nikamkuta Leida, binti wa mfumaji,
akieleza kwa nini anazitoa:

*Baba aliuacha mkono wa kulia kwenye kiwanda cha mbao.
Mama alimfumia mbili kila majira ya baridi,
moja ya kuvaa,
moja ya kukauka juu ya jiko.*

Nilikaa sakafuni.
Kumbe ilikuwa jozi kweli.
Nikafuta ile nusu ya neno, polepole,
nikapuliza chengachenga za raba.

Kibao kiliruhusiwa maneno arobaini.
Nikaandika mia moja na tisa.
Helve akakata, akakata, yakabaki thelathini na manane.
"Mawili waachie watazamaji."

Machi muda wangu ukaisha.
Nafasi ikipatikana tutakuandikia. Rudisha ufunguo.
Sentensi mbili tena.
Lakini nilipofungua daftari kwa mara ya mwisho,
pembeni ya 417 palikuwa na herufi za jina langu
kwa mwandiko wake,
kwa wino.

Jumapili nilirudi na tiketi, kama mgeni.
Mvulana wa miaka saba hivi alisimama mbele ya kabati,
akasoma, midomo ikitembea.
Kisha akauvuta mkono wa kulia ndani ya koti
mpaka ukapotea,
akaubandika wa kushoto kwenye kioo.

Kazi ya Aivo ni kukataza.
Aivo alikuwa anakagua dari.