Daftari la Karakana ya Limbani

Milioni tano zilikuja zimefungwa kwenye kanga,
noti za elfu kumi kumi, zanuka mwani.
Bi Time Kombo akazihesabu mara mbili mezani kwangu,
akataka risiti, nikampa.
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani,
akarudi Kiuyu na wenziwe wawili.

Mjaka akangoja gari ikate kona.
"Haya Mize, andika mauzo."
Nikaandika. Upande wa madeni.

Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.
"Deni gani? Pesa hizi hapa nazishika!
Mwenye deni huwa hana."
Unazo, nikamwambia, lakini si zako.
Leo ukifa, Mungu apishe mbali,
kina mama wa Kiuyu watakuja kwenye hitima yako
na hawatauliza ulikuwa mwema kiasi gani.
Watauliza mashine.

Mkataba una kurasa tatu.
Nimeusoma kuliko yeye aliyeutia saini.
Milioni kumi na mbili, anasema, bei ya mashine.
Siyo.
Nikaigawa bei kama kadhi agawavyo mirathi:
chuma chenyewe cha kusagia mwani, milioni tisa;
kukifunga, na kuwafundisha watu wasikatwe vidole,
milioni na laki mbili;
kukitazama mwaka mzima, grisi, mkanda, visu,
milioni na laki nane,
yaani laki na nusu kwa mwezi,
wala haiivi kabla ya mwezi wake.

Disemba, fundi Mcha akachomelea mguu wa mwisho,
wakaipaka rangi ya kijani, wakaifunika turubai.
Benki ya Chake ikataka hesabu za mwaka
kabla ya kusema neno juu ya mkopo.
Mjaka akavuta kiti. Aliponiita "mwanangu" nikajua.
"Imekwisha. Ipo. Ukiigonga inalia. Andika basi."
Nikatoka uani nikaigonga. Ikalia kweli.
Lakini ililala ndani ya uzio wetu,
na moto ukizuka usiku ule hasara ni yetu,
na banda la Kiuyu lilikuwa halijapata umeme.

Akanitolea uvivu:
"Mahari yako nusu ulikopwa,
mbona uliolewa yote?"
Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka.
Mimi nilifika nyumbani kwake, Mjaka.
Namdai, na kwa haki.
Mashine yako bado iko uani.

Mwaka ukafungwa na mauzo membamba.
Benki ikatoa nusu ya alichoomba.
Siku tano akanisalimia kwa kichwa tu.

Januari, tarehe kumi na tisa, lori likaondoka.
Jioni Mcha akarudi na karatasi:
saini ya Bi Time, kubwa, imeparamia nje ya mstari,
na alama ya kidole chenye unga wa mwani.
Saba zilizobaki zikaingia kwa simu usiku ule.
Tisa nikaziita mauzo.
Tatu zikabaki tunadaiwa.

Wiki ya mafunzo ikapita, vidole vyote vipo,
milioni na laki mbili.
Kisha laki na nusu, laki na nusu,
Mcha huenda asubuhi, hurudi na saini,
mimi huliparura deni kama ukoko wa sufuria.

Oktoba Mcha aliugua.
Tarehe ishirini na tisa nafunga mwezi,
kalamu imeshagusa karatasi,
Mjaka kasimama mlangoni, mikono myeusi kwa grisi.
"Usiandike," akasema. "Hajakwenda mtu."
Hakungoja jibu.
Akatungua spana ukutani, ya kumi na saba, ya kumi na tisa,
akajivika mkanda mpya shingoni,
akawasha pikipiki, na mvua ya vuli imeanza kudondoka.

Nikafunika kalamu.
Mstari nikauacha mtupu mpaka arudi.