Chokaa Mbichi

Muuguzi alinitia dawa, matone mawili kila jicho,
akasema, "Bi Mwanamkuu, usiende mbali,
ulimwengu utakuwa mweupe kwa saa nne."
Lakini boti ya Siyu hungoja maji kujaa,
haingoji mboni za mtu.
Nikatoka, mkono ukutani,
kikapu begani, ndani mikate mitatu ya mofa,
nikihesabu milango kwa vidole.

Kila nyumba ya Lamu ina baraza,
na baraza, nilivyolelewa, haina mwenyewe:
ni ya mchovu, ni ya mwenye mzigo,
ya anayesubiri mtu ambaye hatakuja.
Magoti yaliponidai nilipapasa, nikapata ukingo,
nikaketi.

Baridi. Ulaini kama wa samli.
Nikasema moyoni, watu wa mji wana neema,
hata mawe yao yana godoro.

Hapo ndipo dirisha la juu lilipofunguka.

"Huna mato wewe?
Siku tatu inasuguliwa, siku tatu!
Unakuja na makalio yako ya shamba
kuyapiga muhuri kwenye chokaa yangu?
Ondoka! Usiishike! Haya, umeishika tena!
Utalipa kwa nini, kwa hicho kikapu?
Mtu mzima ovyo."

Sikumwona. Niliona kijani kikipepea,
labda leso, labda pazia,
nikasikia bangili zikigonga mbao
kila aliposema siku tatu.
Watoto wakacheka.
Mtu aliyekuwa akinywa chai pembeni,
nilimsikia tangu mwanzo akivuta mafunda,
akaacha kuvuta.
Kisha mwiko ukagusa ndoo, taratibu,
kama vile mtu anaficha vyombo vyake vya kazi.
Ni yeye aliyesahau kuweka ubao.
Alijua. Nami nikajua kuwa anajua.
Nikangoja aseme neno moja.
Funda jingine likashuka.

Nikasema "samahani" kwa ukuta,
maana ukuta ndio niliokuwa nikiuona.

Nikaenda hadi gatini na buibui langu jeusi,
na nyuma yake mwezi wa siku kumi na nne.
"Bibi, umeketi wapi?" wakaniuliza.
Wote waliuliza. Hakuna aliyepangusa.
Botini nikauliza, "Hapa pamekauka?"
Wakacheka: boti ilikauka lini?

Tulipoingia Mkanda, mikoko ya pande zote mbili
ilianza kurudiwa na rangi, jani kwa jani,
na jibu likanijia, limechelewa kama kawaida yake:
"Mato ninayo, mama. Nimeyaacha kwa daktari."
Nililisema kwa sauti. Lilinipendeza.
Jirani akageuka: "Wasema nami?"
"La. Nasema na dirisha."

Usiku Khuleti alilisugua buibui kwa ndimu, kwa siki,
akimlaani mwanamke asiyemjua. Nikamkataza.
Siku tatu, nilimwambia. Hata mimi ningepiga kelele.
Kisha nikajilaza, na gizani ile huruma sikuipata tena;
nilipata tu makalio ya shamba, makalio ya shamba,
mpaka adhana.

Baada ya wiki mbili nilirudi kupimwa.
Safari hii macho mazima, dawa bado.
Nyumba niliijua kwa dirisha: pazia, na kweli la kijani.
Baraza imekauka, inang'aa kama yai,
ila upande mmoja, ukiinama, pana kibonde
ambacho fundi hakukimaliza, au hakutaka.
Mchukuzi mmoja alikuwa ameketi humo humo, anamenya chungwa,
maganda chini, miguu mbele,
na juu kimya.
Akaniona nimesimama. Akasogea.
"Keti, mama, upumue."

Nikamwambia nina haraka.
Sikuwa na haraka.