Mvua ya Kununua

Wendell Pruchnik hakushika kamera hata siku moja.
Hakuandika neno, hakumpaka mtu poda,
na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja
kama mtoto aliyeng'oka jino la mbele.
Lakini pasipo yeye hakuna daraja lililolipuka,
hakuna jiji lililomezwa na bahari
Ijumaa moja ya Julai, kumbi elfu nne kwa mpigo,
watu na bisi zao mapajani.

Mimi nilikuwa mhasibu wake. Burbank, miaka kumi na mmoja,
ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
basi daftari lilikuwa mimi.
Nimelipia farasi arobaini, na meno ya farasi mmoja.
Nimelipia theluji ya karatasi, na mtu wa kuizoa.
Nimelipia mvua. Ndiyo, mvua:
malori sita ya maji, mabomba, mafundi kumi na wanne,
usiku mmoja, dola elfu themanini na mbili.
Saa nane ikanyesha ya Mungu, bure,
ikatulowesha mpaka risiti.
Mwongozaji akaikataa: nyembamba mno, kamera haiioni.
Tukakaa chini ya turubai tukingoja mvua ikatike
ili tunyeshe yetu.

Mama yake, Bi Stasia, alikata tiketi Scranton
ndani ya kibanda cha kioo, baridi ikimng'ata vidole.
Hakuwahi kuelewa. Kila Krismasi swali lilelile:
"Hivi wewe, hasa hasa, kazi yako nini?"
"Napiga simu, mama."
Na ni yeye aliyemfundisha, angali mdogo,
kusimama nyuma ya ukumbi na kusoma visogo.
Uso una adabu, alisema, uso hujikaza.
Shingo haina adabu. Ikichoka, inalala.

Basi kila picha, kabla haijatoka,
tulijaza wageni ukumbi mmoja kule Fresno,
yeye mstari wa mwisho, gizani, na penseli.
Dakika ya arobaini na tatu: shingo kumi na tisa.
Asubuhi dakika ile haipo,
na ndani yake bibi mmoja, Maxine Oyler, miaka sabini na sita,
mwenye maneno manne tu katika picha nzima
na gauni alilokwisha kulinunua kwa ajili ya uzinduzi.
Wendell alimpigia mwenyewe. Simu za namna hiyo hakumwachia mtu.
Nilimwona kupitia kioo, amesimama,
kiganja mdomoni, na safari hii hacheki.

Kisha picha mbili zikaanguka, mfululizo.
Hakuna aliyemfukuza. Watu walisahau namba tu.
Wenye magodoro wakapandisha bidhaa ghorofani kwetu.

Ya mwisho tulikwenda kuitazama Glendale,
Jumatano mchana, wiki ya tatu, watu tisa,
mmoja wao amefuata kiyoyozi.
"Kaa mbele," akaniambia, kama siku zote.
Usiku uliotangulia sikulala, nilikuwa nafunga hesabu.
Kwenye skrini mvua yetu ikishuka, nene, inang'aa,
kila tone nalijua bei.
Kope zikawa nzito.
Ndipo nikahisi macho kisogoni.
Nikanyoosha shingo.